Jua la Hiroshi Nagai: namna ya kuchora jalada lenye sura ya city pop

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa grafiki, nipo Tanga. Rafiki yangu anatoa albamu ya nyimbo laini za gitaa na kinanda, anataka jalada lenye sura ya ile city pop ya Wajapani, muziki wao wa pop wa mjini wa miaka ya 1970 na 1980: bwawa la kuogelea, mitende, anga ya buluu. Nimejaribu kwenye kompyuta, nikaweka waridi na zambarau, jua linazama, mitende miwili pembeni. Inatoka kama tangazo la klabu ya usiku. Nani hasa aliyeleta sura ile, na kazi yake hufanywaje?

Marahaba. Picha yako imekosea saa, halafu imekosea vivuli. Umechora machweo, na anachokitaka rafiki yako ni mchana kweupe. Hizo waridi na zambarau, pamoja na lile jua kubwa lililokatwa mistari, zilikuja baadaye sana, miaka ya 2010, kwa vijana wa intaneti waliokuwa wakikata vipande vya nyimbo za zamani na kuvivalisha picha za katuni na michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980. Siku hizi violezo vya bure vimechanganya mambo hayo mawili hadi watu wanadhani ni kitu kimoja. Anza kwa kuyatenganisha.

Mchoraji unayemuulizia ni Hiroshi Nagai, aliyezaliwa mwaka 1947 Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku. Alianza kazi kama msanifu wa grafiki, na katika miaka ya 1970 akasafiri Marekani na Guam. Huko ndiko vilikotoka vitu vyake: kuta nyeupe, magari marefu ya Kimarekani, mabwawa, mitende iliyopandwa kwa mstari, na juu ya yote anga isiyo na doa. Kiangazi cha Japani kina unyevunyevu mwingi na upeo wake mara nyingi una utando mweupe, kwa hiyo mwanga mkavu wa California ulikuwa kitu kigeni kwake, akaushika kama mgeni anavyoshika. Jicho lake lilikuwa limeshafunzwa na sanaa ya pop ya Marekani, na wachoraji wa huko waliokuwa wakifuata fotografia kwa brashi mpaka huwezi kuzitofautisha, pamoja na wasurrealisti wa Ulaya, wale waliochora mambo kama ya ndotoni. Hao wa mwisho usiwapuuze. Ule ukimya wa ajabu kwenye picha zake, kana kwamba kila mtu ameondoka dakika tano zilizopita, una asili kwao.

Mwaka 1979 kilitoka kitabu cha picha zake kiitwacho A Long Vacation, chenye maneno ya Eiichi Ohtaki, mwanamuziki aliyekuwa zamani katika bendi ya Happy End. Tarehe 21 Machi 1981 Ohtaki akatoa albamu kwa jina hilohilo, jaladani ikiwa picha ya Nagai. Albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 1, na Oktoba 1982, CD zilipoingia madukani Japani kwa mara ya kwanza duniani, ilikuwa katika fungu la kwanza kabisa. Yaani kwa Wajapani wengi sauti ile na picha ile viliingia nyumbani siku moja, na havikutengana tena. Kampuni ya Marekani ya Light in the Attic ilipotoa mkusanyiko wa Pacific Breeze mwaka 2019 ili kuwatambulisha wageni kwa city pop, ilimwendea Nagai huyohuyo kwa jalada.

Nyingi ya nyimbo za A Long Vacation ziliandikwa maneno na Takashi Matsumoto, mpiga ngoma wa zamani wa Happy End. Katikati ya kazi alifiwa na mdogo wake wa kike, akamwambia Ohtaki atafute mwandishi mwingine. Ohtaki hakutafuta, alisubiri, na albamu iliyokuwa itoke mwaka 1980 ikasogea hadi Machi iliyofuata. Picha ilitangulia msiba huo, kwa hiyo usiseme imechorwa kwa sababu yake. Lakini ukizisikiliza nyimbo huku unalitazama jalada utaona kwa nini vimekaa pamoja: rangi ni za furaha, mahali ni patupu.

Utasikia pia kwamba sura hii ni ya fedha za wakati wa povu la uchumi wa Japani, bei za ardhi na hisa zilipopanda kupita kiasi. Tarehe hazikubali. Povu lile lilivimba kuanzia kama 1986 na kupasuka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kitabu ni cha 1979 na albamu ni ya 1981. Picha za Nagai zilichorwa wakati California na Hawaii zilikuwa bado ndoto kwa kijana wa kawaida wa Tokyo, si mahali anapokwenda kila likizo. Kwa kazi yako jambo hili lina maana: chora mahali panapotamaniwa kutoka mbali, usichore utajiri. Ukianza kujaza saa za dhahabu na chupa za shampeni umeshapotea.

Kabla hatujashika brashi, mtenganishe Nagai na mwenzake Eizin Suzuki, mzaliwa wa Fukuoka wa mwaka 1948, aliyechora jalada la albamu ya For You ya Tatsuro Yamashita, ya Januari 1982, na majalada ya jarida la redio la FM Station. Suzuki huzungushia vitu mistari ya wino, rangi zake ni bapa, na mwanga huuvunja vipande vipande vyenye kingo kali. Nagai hana mistari ya kuzungushia. Kwake ukingo hutokea pale rangi mbili zinapokutana. Ukichanganya njia hizi mbili katika picha moja, mistari hapa na mipito laini ya rangi pale, macho ya mtazamaji hayatajua yashike lipi. Wewe umeomba ya Nagai, basi sahau mistari.

Sasa kazi yenyewe. Nitaieleza kwa rangi za mkono, kisha niseme panapobadilika kwenye kompyuta. Hii ni njia ya kuipata sura ile kwa vifaa unavyoweza kuvipata, na si lazima kila hatua iwe ndivyo Nagai mwenyewe anavyofanya.

Anza na fotografia yako mwenyewe. Nagai alijenga picha zake juu ya fotografia, na filamu za slaidi za zamani zilikuwa na tabia moja: ukizipimia mwanga wa jua, vivuli huzama na kuwa karibu vyeusi. Hapo ndipo ilipotoka sura unayoipenda. Simu yako inafanya kinyume. Kila ukipiga, inachanganya picha kadhaa ili ing'arishe vivuli, na matokeo yake ni picha ambayo kila kitu kinaonekana na hakuna kinachowaka. Mchanganyo huo kwenye simu huitwa HDR; uzime. Gusa kioo cha simu juu ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, shikilia hadi kipimo kijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo. Ukuta ubaki mweupe lakini chembe za plasta zionekane, na chini ya miti kuwe giza. Giza hilo ndilo unalolihitaji.

Saa ya kupiga ina siri yake kwenu. Los Angeles iko nyuzi 34 kaskazini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huko mwaka mzima huegemea kusini, kwa hiyo hata mchana kuna vivuli vya kuonekana. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini. Saa sita na nusu mchana jua liko karibu na utosi, na mwezi Machi au mwanzoni mwa Oktoba kivuli cha nguzo hujificha chini ya nguzo yenyewe. Ukipiga saa hiyo utapata mwanga mkali usio na umbo. Piga kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, au karibu na saa tisa alasiri. Kipimo rahisi: simama, tazama kivuli chako, kikiwa sawa na urefu wako au kifupi kidogo, piga. Kikiwa kirefu zaidi rangi huanza kuwa ya manjano na unarudi kwenye machweo.

Mchoro wa penseli uwe mwepesi, kwenye ubao au karatasi nzito ya gramu 300 iliyobandikwa imara, mraba wa sentimita 35. Jalada la santuri ni kama sentimita 31 na nusu kila upande, hivyo una nafasi ya kukata. Mstari wa upeo uuweke chini ya nusu ya picha. Anga ipate nusu nzima au hata theluthi mbili. Wanaoanza huogopa anga tupu, wakajaza ndege, mawingu, puto. Acha. Jina la albamu litakaa humo, na utupu huo ndio unaomwambia mtazamaji kuna joto.

Halafu, kabla ya rangi yoyote, tengeneza nakala ndogo ya sentimita 8 kwa kijivu peke yake, ngazi tatu tu: nyeupe ya vinavyopigwa na jua, kijivu cha kati cha anga na maji, na giza la vivuli na mimea. Kama nakala hiyo haisomeki ukiwa umesimama mita mbili, rangi hazitaiokoa. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo iliyoiangusha picha yako ya kwanza: waridi yako na zambarau yako zina mwanga ule ule, ukizigeuza kijivu zinakuwa kitu kimoja.

Kwa rangi, chagua akriliki zisizong'aa, au gwashi, yaani rangi ya maji iliyo nzito isiyopitisha mwanga. Gwashi ni nzuri kwa maeneo bapa lakini ina mitego miwili. Ikilowa tena huyeyuka, kwa hiyo ukipaka kivuli juu ya ukuta kwa brashi iliyojaa maji utaivuta rangi ya chini. Tena ikikauka hubadilika: rangi za mwanga huelekea kuwa nzito kidogo, na za giza huelekea kupauka. Akriliki haiyeyuki ikishakauka, ila huwa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Vyovyote vile, usilinganishe rangi mbichi na kavu. Paka tone kwenye kipande cha karatasi ileile, likauke, ndipo ulinganishe.

Anga

Hapa ndipo penye ugumu, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi. Anga ya Nagai ni buluu nzito juu, inashuka kwa utulivu hadi buluu iliyopauka yenye chembe ya kijani karibu na upeo. Sababu ni ya kweli, si pambo: ukitazama utosini unatazama hewa nyembamba, ukitazama upeoni unatazama hewa ya kilomita nyingi iliyojaa vumbi na unyevu unaotawanya mwanga mweupe. Kwa hiyo mpito hauendi kwa mwendo mmoja. Juu hubadilika polepole sana, na robo ya chini hupauka haraka. Mpito wa kompyuta ulioburuzwa kwa mara moja toka juu hadi chini huenda kwa kasi moja, na jicho hulitambua hilo kuwa bandia hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Changanya rangi zote kabla ya kupaka. Tengeneza vikombe saba. Cha kwanza altramarini, buluu nzito, na kidogo ya ile buluu iliyoandikwa Phthalo kwenye tyubu. Hii ya pili ina nguvu sana, anza na tone la ukubwa wa punje ya mchele. Cha saba nyeupe, na chembe ya buluu na chembe ndogo mno ya kijani. Vilivyo katikati changanya kwa kupanda ngazi. Kila kikombe kiwe na kijiko kikubwa kimoja cha rangi, uzito wa maziwa mazito. Ikikuishia katikati ya anga hutaweza kuirudia sawasawa, na kiraka kitaonekana daima.

Joto la pwani hukausha akriliki kwa dakika chache. Lowesha ubao kwanza kwa sifongo, fanya kazi asubuhi mapema au ndani pasipo feni, na ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka ukiipata. Brashi iwe bapa, ya upana wa sentimita 5. Paka mikanda saba ya ulalo, mitatu ya juu mipana, minne ya chini myembamba, kisha kwa brashi nyingine safi, yenye unyevu lakini isiyodondosha, pita kwenye mipaka toka upande hadi upande bila kuinua mkono. Usirudi juu ya sehemu iliyoanza kukauka. Utaing'oa na kuacha makovu. Ikiharibika, iache ikauke kabisa, paka upya yote. Anga nzuri mara nyingi ni tabaka la pili au la tatu.

Kwenye kompyuta weka vituo vitatu au vinne vya rangi badala ya viwili. Mfano wa kuanzia: juu nyekundu 0, kijani 75, buluu 165, kituo cha kati ukishushe hadi asilimia 65 ya urefu wa anga, 45, 145, 215, chini kabisa 180, 225, 238. Ukiona mistari ya ngazi kwenye anga, hiyo hutokana na uchache wa hatua za rangi katika faili ya biti 8. Fanya kazi katika biti 16, au ongeza chembechembe za asilimia 1 hadi 2 juu ya anga. Chembe hizo pia huondoa ule utelezi wa plastiki.

Ukuta na vivuli

Ukuta unaopigwa na jua uwe mweupe, na uwe ndio weupe pekee mkubwa kwenye picha. Kivuli juu ya ukuta huo usikichanganye kwa nyeusi. Sehemu iliyo kivulini haipati jua lakini inapata anga, kwa hiyo hugeuka buluu yenye kijivu. Changanya altramarini, nyeupe, na kidogo ya kahawia iliyoungua ili ishuke makali. Kwa kipimo cha kompyuta, ukuta ukiwa na mwanga wa 97 katika 100, kivuli chake kiwe kati ya 50 na 60. Chini ya hapo ukuta unaonekana mchafu, na juu ya hapo jua linakosa nguvu. Majani yaliyo kivulini, kwa upande wa pili, yashuke hadi 10 au 15. Kila aina ya kitu iwe na kiwango kimoja cha kivuli, usikibadilishebadilishe ndani ya picha.

Ukingo wa kivuli ni mkali kuliko uhalisia. Jua si nukta. Ni duara lenye upana wa nusu nyuzi angani, na kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli hutawanyika karibu sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali kutoka kitu hadi ardhi. Kilele cha mtende wa mita 15 kwa kweli hutupa kivuli chenye ukingo mpana kuliko kiganja. Nagai huukata wote kwa kisu. Hapo ndipo fotografia inaachwa na picha inaanza, nawe fanya hivyo hivyo. Ila mwelekeo usiuchezee: vivuli vyote vya jua huenda upande mmoja. Kiti kikitupa kivuli kushoto na mwavuli ukatupa kulia, mtazamaji atasumbuka bila kujua kinachomsumbua. Jambo hili huharibika sana kwa wanaokusanya vipande vya picha kutoka sehemu tofauti na kuvibandika pamoja.

Kwa kingo zilizonyooka tumia masikingi tepu. Rangi hupenya chini yake, dawa ni hii: ukishabandika, pita kwanza ukingoni na rangi ileile iliyo chini, iache ikauke, ndipo upake rangi mpya. Kitakachopenya ni rangi ya zamani, hakitaonekana. Ng'oa tepu rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, ukiivuta kwa kuilaza nyuma juu ya yenyewe.

Maji ya bwawa yana sheria mbili. Karibu na wewe unatazama chini kwa mwinuko, kwa hiyo unaona sakafu ya bwawa na rangi ni ya kijani-buluu iliyo wazi. Mbali unayatazama kwa ulalo, uso wa maji huakisi zaidi, rangi huelekea ya anga na ya vitu vilivyo ng'ambo. Ukipaka rangi moja kote, bwawa litasimama wima kama ukuta. Wavu wa nuru unaocheza sakafuni nao hufuata umbali: macho ya wavu ni mapana karibu, hubanana na kulala kadiri yanavyokwenda mbali. Uchore kwa brashi nyembamba namba 2, nyeupe iliyotiwa tone la kijani, mistari iwe minene inapokutana na myembamba katikati. Na usiujaze bwawa zima; eneo la karibu linatosha.

Mitende yenu na ya kwao ni miti tofauti. Ile mirefu ya Los Angeles, ambayo jina lake la kisayansi ni Washingtonia robusta, ina shina jembamba lililosimama na majani ya kupepea, kwa sura iko karibu na mvumo kuliko mnazi. Mnazi huegama, shina lina pete za makovu, majani ni marefu yenye vijani vinavyoning'inia kila upande wa uti. Kosa la kawaida ni kichwa cha mnazi juu ya shina la Washingtonia. Na ushauri wangu kwako ni kuchora mnazi. Albamu ni ya Tanga; mwanga ndio wa Nagai, vitu viwe vyako: baraza ya saruji, kiti cha plastiki, dau kwenye mstari wa maji. Mnazi mzima wenye afya una kama majani 30, lakini kwenye picha chora 12 hadi 15 na uache matundu ya anga yaonekane katikati. Paka umbo lote kwa kijani cha giza, kisha kijani cha kati kwenye majani ya juu, na mwisho manjano-kijani kidogo sana pale jua linapogusa mgongo wa uti. Ukizidisha hii ya mwisho mti unakuwa wa plastiki.

Usiweke mtu. Ukishaweka mtu, picha inakuwa habari zake: ni nani, anamsubiri nani, amevaa nini. Rafiki yako akisisitiza sura yake iwepo, iweke nyuma ya jalada.

Maandishi yawe madogo kuliko unavyotaka, yakae kwenye buluu nzito ya juu, rangi nyeupe, aina moja tu ya herufi. Kisha punguza picha nzima hadi upana wa kidole gumba kwenye simu, kwa sababu huko ndiko wasikilizaji wengi watakakoiona. Jina lisiposomeka hapo, usilikuze mara moja. Kwanza lipe nafasi zaidi kati ya herufi na liondoe kwenye sehemu iliyopauka. Majukwaa ya muziki hupokea mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000. Kama kuna mpango wa santuri, fanya kazi kwenye karibu pikseli 3,800 kila upande: hiyo ni sentimita 31.5 kwa nukta 300 kwa kila inchi, pamoja na milimita 3 za kukatwa pande zote.

Haki za picha: mtindo hauna mwenyewe, picha ina mwenyewe. Kuchora mchana mkali wenye bwawa tupu si wizi. Kuweka jalada la Nagai chini na kufuata mistari yake, au kukata mitende yake na kuibandika kwako, ni wizi, hata ukigeuza kushoto kulia. Yu hai, na Japani hulinda kazi ya msanii hadi miaka 70 baada ya kufa kwake. Vivyo hivyo fotografia za intaneti. Ndiyo sababu nilikutaka upige yako.

Mwisho ni matbaa, na huko buluu nyingi hufia. Buluu inayowaka kwenye kioo haipo kwenye wino nne za uchapaji: siani (buluu-kijani), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi. Ukiibadilisha ovyo hutoka siani 100 na majenta 90 au zaidi, na karatasini inakuwa zambarau, ile ile uliyoikimbia. Shusha majenta mwenyewe: kwa anga ya juu anza na siani 100, majenta 60, bila manjano na bila nyeusi. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na kuzima vivuli, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu omba yenye mng'ao wa wastani. Kabla ya kulipia kazi nzima, mwambie mchapaji akutolee kipande cha sentimita 10 chenye anga, ukuta na kivuli kwa pamoja, kwa mashine ileile na karatasi ileile, ukitazame nje juani, si chini ya taa ya dukani.